Mama Springi na kikohozi kilichojificha kwenye vumbi la makochi

Saa moja asubuhi, barazani, Mama Springi amelikandamiza kochi kuukuu kwa goti kama polisi aliyemkamata mwizi sugu. Barakoa usoni, anachana kitambaa, anang'oa springi, anaigonga, anaisikiliza, anaitupa. Kochi likitoka mikononi mwake, wateja wanaapa, mgeni mbishi hulikalia na kusinzia kabla ubishi haujakolea.

Mlangoni, wifi yake yuko kwenye cherehani. "Mtazame," anasema. "Jicho moja na nusu, na bado anaona makosa yangu yote."

"Makosa yako yanaonekana hata gizani, wifi."

Hilo la jicho si utani mtupu. Mama Springi ana ugonjwa adimu ambamo kinga ya mwili, badala ya kulinda nyumba, humgeukia mwenye nyumba: vidonda mdomoni, viungo kuvimba, macho kuwaka hadi kuweza kupofuka. Alipoanzishiwa sindano za kibiolojia, zinazoituliza kinga hiyo, alirudi kazini akitembea kama bibi harusi.

Daktari alimwonya: kinga ikitulizwa, vijidudu hupata mwanya. Homa au kikohozi, aje upesi.

Lakini mafundi makochi wote hukohoa. Vumbi la sufi kuukuu halina adabu, na kwao kikohozi ni cheo. "Asiyekohoa tulimwita mgeni," anasema. "Nikakohoa nikijiona fundi mkuu."

Aliyeshtuka ni wifi, siku ya mapumziko, wamekaa sebuleni.

"Wifi, leo hatujapasua kochi. Unakohoa vumbi la nani?"

Vipimo vikajibu. Kifua kikuu kilichokuwa kimelala mwilini kimya kimya kilikuwa kimeamka baada ya kinga kutulizwa, na kilishasambaa. Akalazwa, akawekewa oksijeni. Sindano zikasimamishwa. Ugonjwa wa kwanza nao ukaona mlango wazi, ukarudi, ukalivamia jicho la kushoto. Fundi wa mishono akabaki hajui kama ataiona tena sindano ya kazi.

"Nilimwomba Mungu achukue mapafu, aniachie macho," anasimulia.

"Nikamwambia asipatane bei na Mungu," wifi anadakia. "Yule si mteja wake."

Alimeza vidonge vya kifua kikuu hadi dozi ikaisha, macho yakishikiliwa na dawa nyingine. Mapafu yamepona. Jicho la kushoto huona ukungu. La kulia ni kali kama wembe. Siku hizi makochi hupasuliwa nje, sufi ikiwa imenyunyiziwa maji, na hakuna anayeruhusiwa kujivunia kikohozi.

Kesho anakwenda kliniki kusikia kama ataanzishiwa sindano ya aina nyingine, ya kulilinda jicho lililobaki.

"Wakikubali, nitadungwa asubuhi, mchana nitakuwa hapa," anasema, akitunga uzi kwenye sindano kwa jaribio la kwanza, bila kukosea. "Wakisema bado, mchana nitakuwa hapa vilevile. Kochi la watu limebakiza mkono mmoja kushonwa."