Mstari Nilioupiga Kimali

Simu zote za kampuni zilikuwa chini yangu. Tulikuwa tunauza dawa za mifugo hapa Bariadi, na kila afisa wa kijijini nilimchorea eneo lake kwenye ramani ya kompyuta. Akivuka mstari, simu inajifunga, na mimi napata taarifa palepale. Niliipenda hiyo kazi. Nilijiona askari.

Mmoja wa maafisa hao alikuwa mama aliyeandikisha ng'ombe kijiji cha Kimali, mtu wa umri wa mama yangu mzazi. Simu yake ikajifunga mara nne ndani ya wiki mbili. Sikumpigia hata kumuuliza. Nilisubiri kikao, meneja yupo, wenzetu wote wapo, nikamwambia, "Mama, simu ya kampuni unazurura nayo kwenye biashara zako. Njia ya mwongo ni fupi." Watu wakacheka. Mdomo wangu huu hauna breki.

Akanijibu taratibu, "Mwanangu, mimi nawafuata ng'ombe."

Meneja si mtu wa huku, hakuelewa. Mimi nilisikia, ila nilishanogewa na kicheko. Akaachishwa kazi siku hiyohiyo.

Mwezi uliofuata nikatumwa Kimali kumwelekeza aliyechukua nafasi yake. Kila mji wa mfugaji tuliofika, zizi tupu. Wenyewe wakatuambia ng'ombe wamehamishiwa ng'ambo ya mto, huku maji yamekauka. Tukavuka ule mto wa mchanga, na kabla hatujafika ng'ambo simu ya mwenzangu ikajifunga mkononi mwake. Mbele yetu ng'ombe wamejaa.

Mimi ni mtoto wa wafugaji. Kila kiangazi baba alihamisha ng'ombe, na mimi nyuma yao na fimbo. Ningekuwa mgeni ningejisamehe. Lakini nilipiga mstari kwa kufuata ramani, kana kwamba ng'ombe wa Kisukuma wanakaa mahali pamoja mwaka mzima. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Niliporudi ofisini niliusogeza ule mstari, dakika mbili hazikufika, nikamwambia meneja kulikuwa na shida ya mtandao.

Juzi nimemkuta yule mama sokoni, anauza dagaa wa Lamadi. Nikageuza uso. Akaniwahi yeye, mkubwa kumwamkia mdogo: "Mwangaluka, mwanangu." Akanipimia dagaa, akaniongeza na kiganja kimoja juu. Kisha akaniuliza, bila hasira yoyote, "Hivi Kimali ulishafika?"

Nikamwambia bado.