Tulinunua pikipiki ya cc 250 kwa kazi ya pole, fahali wa jirani akanitangulia

Wakuu, chamgei.

Naona humu mnapigana kila siku: two-stroke ya matope, mtu achukue cc 125 au 250? Kila mtu ana povu lake na hakuna anayeuliza pikipiki yenyewe itafanya kazi gani.

Basi nami nilete yangu. Chumvi sitaongeza, matope yalikuwa ya kutosha.

Ilikuwa miaka ya tisini, juu ya Silibwet, upande wa Bomet. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na digrii ya mifugo, pamoja na tabia ya kuuliza "kwa nini" mpaka watu wanahama meza. Serikali ilikuwa imeanza kujitoa kwa huduma ya AI, wakulima wakaachwa wajipange.

Kwa wale wadogo: AI ya wakati huo haikuwa ya kwenye simu. Ilikuwa ya kupandisha ng'ombe bila fahali: mtu aliyevaa glovu inayofika begani, na mtungi wa baridi kali uliohifadhi mbegu za fahali wa ng'ambo.

Huyo mtu wa glovu ndiye mimi.

Kikundi chetu cha maziwa kilikuwa na mtungi na kilikuwa na mimi. Hakikuwa na pikipiki. Na kazi hii haingoji mtu. Ng'ombe akionekana kwa heat asubuhi, yaani anataka dume, ufike kwake jioni. Ukichelewa, ungoje wiki tatu nyingine huku mwenye ng'ombe akikuangalia vibaya kanisani.

Aliyekuwa na haraka kuliko wote ni Anti Rael, dadake baba. Alikuwa na ng'ombe mmoja tu wa maziwa, Chelel, na Chelel alikuwa amepandishwa mara mbili bila kushika mimba. Mume wake alikuwa ameshatoa hukumu: "Ikikosa hii ya tatu, inaenda bucha."

Nyumba nzima ilikuwa inakunywa Chelel. Wakuu, shikeni hapo.

Sasa, meneja mmoja wa shamba la chai huko Kericho alikuwa anarudi kwao, anauza pikipiki zake mbili, zote two-stroke. Ndogo ilikuwa cc 125, ya kuzunguka shambani, ina taa na karia ya mzigo. Kubwa ilikuwa 250 ya mashindano. Haina taa, haina karia, na ikinguruma kuku wanaacha kutaga.

Kamati ikaketi ndani ya kanisa. Mimi kama msomi nikaambiwa nieleze.

"Kuna ya mia moja ishirini na tano, na kuna ya mia mbili hamsini."

"Mia mbili hamsini nini?" akauliza Anti Rael.

"Cc."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu pale kwetu cc ilikuwa kitu cha sindano. Kila mkulima anaijua: ndama cc kidogo, ng'ombe mzima cc ishirini, na ukizidisha unachimba shimo.

"Mia mbili hamsini!" mzee mmoja akasema. "Hiyo ni ya kudunga ndovu?"

Chairman wetu, Bwana Kirui, mtu wa mwili na sauti, akasimama. "Ndiyo hiyo tunataka! Ugonjwa wetu ni hii milima. Sasa mgonjwa anapewa nusu dozi kwa nini? Lete bikibiki yenye dozi yote!"

Makofi.

Nikajaribu. Nikasema cc ni nafasi ile ya ndani ya silinda ambapo pistoni inapanda na kushuka, si dawa. Nikasema two-stroke ya mashindano inasinzia ikienda pole, halafu ukivuta mafuta nguvu zote zinakuja mara moja, na mimi nitakuwa na mtungi mgongoni usiotaka kutikiswa. Nikasema hata hiyo ndogo siiamini, huenda mlima ukaishinda. Tuzijaribu zote mbili, na mtungi mgongoni, kisha tuamue.

"Wewe kijana," Chairman akasema, "ungekuwa kwa ile harusi ya Kana, ungeuliza maji ni lita ngapi kabla ya divai."

Makofi tena. Hata mimi nilicheka, ilikuwa nzuri.

Lakini walikubali kuijaribu ile kubwa, na mjaribu akawa Chairman mwenyewe. Akapiga kiki, kiki ikamrudi kwenye mguu, akasema jambo ambalo mwenyekiti wa kikundi cha kanisani hasemi. Akapiga tena, ikawaka. Akaachilia klachi.

Gurudumu la mbele likapanda juu kama jogoo, na Chairman akaingia ndani ya majani chai ya watu. Tukakimbia. Akatoka akiwa amebeba majani mawili na chipukizi kwenye sikio.

"Nguvu iko," akasema.

Ikanunuliwa.

Haikuchukua muda, dereva wa lori la majani chai akanipa ujumbe wa Anti Rael: Chelel yuko heat tangu alfajiri, anarukia hata ndama, njoo.

Nikafunga mtungi mgongoni kwa shuka. Nikaondoka baada ya chakula cha mchana, na nyinyi mnaojua Bomet mnajua mvua ya kwetu inafika saa ngapi. Barabara nyekundu ikawa sabuni.

Sasa niwaambie kitu ambacho hakuna muuzaji atawaambia. Ile mashine ilitengenezwa ikimbie. Mimi singeweza kukimbia, kwa sababu mtungi ukilala, baridi inatoroka na mbegu zinakufa. Kwa hivyo nilienda pole, na 250 ya mashindano ikiendeshwa pole inakunywa oili yake yenyewe mpaka inasongwa. Ilikohoa, ikatoa moshi wa bluu, ikazima.

Nikatoa plagi, imelowa oili. Nikaipangusa na shati. Nikapiga kiki mpaka paja likauma. Ikaenda mpaka kona, ikazima tena. Nikaweka plagi ya akiba. Nayo ikazama.

Kina mama waliokuwa wakichuma chai wakasimama na aproni zao za plastiki kuangalia sinema.

"Daktari, hiyo kitu inakohoa kushinda mzee yangu!"

"Mdunge cc ishirini!"

"Si ni yeye amesoma? Mwache aisomee."

Kuisukuma mlimani haikuwezekana, ilikuwa nzito kama deni la ukoo. Niliilaza kwenye majani chai nikapanda kwa miguu, mtungi mgongoni, nikianguka kwa magoti ili usilale. Kichwani nilikuwa na picha moja tu: Chelel akiwa ametundikwa kwa ndoano ya bucha.

Nilifika jioni. Anti Rael alikuwa langoni, mikono kiunoni.

Nyuma yake, ndani ya uzio uliovunjika, alisimama Chelel, ametulia. Kando yake alikuwa fahali wa Mzee Bii, jirani. Kale kafahali kafupi, kasiko na ukoo wowote wa maana, kakitafuna majani kama mtu aliyemaliza shifti.

"Umekuja na miguu?" akauliza Anti.

"Plagi ilikufa."

Akamgeukia fahali, akamwangalia, akarudi kwangu. "Huyu pia amekuja na miguu. Lakini yeye hana plagi."

"Anti, una uhakika alipanda?"

"Wee na maswali yako! Unataka akupe risiti?"

Wiki tatu zikapita, Chelel hakurudi heat. Mume wa Anti akaacha kusema habari ya bucha. Wakati ulipofika akazaa ndama jike, mfupi, mkali kama babake. Anti akamwita Plagi.

Mimi nikamweleza, kwa elimu yangu yote, kwamba huyo ndama hatatoa maziwa kama yule ambaye mbegu yangu ingemzaa.

"Lakini yuko," akasema. "Wako yuko wapi?"



Chairman mwenyewe ndiye aliyepeleka 250 Kericho ikabadilishwa na ile ndogo, ambayo ilikuwa bado haijapata mtu. Akaambia kamati kwamba dozi ilikuwa kali kwa mgonjwa. Ile 125 ilipanda mlima kwa gia ya kwanza ikilia kama mbu, lakini ilifika, na mtungi umesimama, na ikianguka niliiinua peke yangu. Kwa lami ya Kericho malori yalinipita yakinitukana. Sawa.

Nilichojifunza: usichague injini kwa ule mwendo wa kasi unaoota. Chagua kwa ule mwendo wa pole utakaolazimishwa na mzigo, mvua na mlima. Kama wewe ni wa mashindano, 250 ni yako, na Mungu akuangalie. Kama umebeba kitu kisichotaka kumwagika, punguza dozi.

Najua kuna wazee wa cc 175, ile ya katikati, hapa wanakuja mbio. Karibuni. Nanyi wa 250 njooni mnitukane, ila mseme kwanza mgongoni mmebeba nini.