Mrija wa Reginaldi

Bahari ilikuwa kimya. Hilo ndilo jambo la kwanza Angelika aliloniambia aliporudi, kabla hata hajavua koti. Alikuwa ametarajia kelele, kwa sababu maji anayoyajua ni ya ziwa letu hapa Buffalo, Marekani, ambalo mwezi wa pili huganda, na upepo wake huzipiga nyumba za mtaa wetu wa Black Rock mpaka vyombo vinagongana kabatini. Kule, katika mji mdogo wa pwani ya Hispania, kusini mwa Valencia, maji yalikuwa yamelala kando ya barabara na mji mzima umelala pamoja nayo. Hoteli zilikuwa zimefungwa hadi kiangazi. Miavuli ya ufukweni ilikuwa imekunjwa na kufunikwa turubai. Nyuma ya nyumba za mwisho milozi ilikuwa imechanua, maua meupe matupu, hata jani moja bado.

"Nilidhani bado niko kwenye ndege, nimesinzia," alisema.

Angelika ni jirani yangu. Ana miaka thelathini na mitatu, anafunga mikate ya kugandishwa kiwandani, na tangu nimjue vidole vyake havijawahi kupata joto sawasawa. Hajawahi kusafiri kwa starehe, na hata hii haikuwa safari ya starehe, ingawa wenzake kazini walimwonea wivu na kumwagiza picha za ufukwe. Ndani ya sanduku lake mlikuwa na kilo nne za kimea cha mtama, na mirija miwili ya mwanzi aliyoivika soksi isivunjike.

Mama yake, Margareta, alifariki mwaka jana, tukamzika hapa katika ardhi iliyogoma kuchimbika. Kwa Warundi wa kizazi chake, mwaka ukitimia watoto huanua matanga. Pombe ya mtama hupikwa, kila mtoto wa marehemu hupewa mrija wake, na mkubwa wao huuliza mbele ya watu, "Margareta ameacha watoto wangapi?" Watoto hujibu, wanakunywa, basi. Kuanzia hapo mtu anaweza kucheka bila kutazama pembeni. Kabla ya hapo, wanasema, marehemu bado amesimama mlangoni na hajui aingie au aondoke.

Anicet, mtoto wa kwanza, anayefanya kazi ghalani huko Louisville, alikuwa ameshatangaza siku. Delfina, kitindamimba, angetoka Westerville, karibu na Columbus, na watu wa gari mbili. Angelika ni wa tatu. Wa pili ni Reginaldi, na Reginaldi hakuja Marekani.

Habari yake ilianzia kambini Mtabila, nchini Tanzania. Mjomba wao, Revokatus, alikuwa mgonjwa na anaishi peke yake, hana wa kumpangia foleni siku ya mgao. Margareta akamwandikisha Reginaldi kwenye kadi ya mgao ya mjomba, ili mzee asilale njaa. Ilikuwa huruma tu, ya miezi michache. Ila safari za wakimbizi kuhamishiwa Marekani zilipofika, kadi ndiyo iliyokuwa familia. Aliyeandikwa kwenye kadi nyingine alikuwa mtu wa nyumba nyingine, na kambi nzima iliamini kwamba kesi ikibadilishwa maneno, faili linalala milele.

Waliitwa kwenye mahojiano mmoja mmoja. Margareta aliingia kwanza. Angelika, miaka kumi na sita, akafuata, amekariri kama alivyofundishwa na majirani. Aliulizwa, "Nyinyi watoto ni wangapi?" Akasema, "Watatu." Akaulizwa, "Na Reginaldi?" Akasema, "Huyo ni binamu yangu."

Kisha mama yake akaitwa tena ndani. Alipotoka, alikaa kwenye benchi, akafunga vizuri kitenge chake, akasema polepole, "Mimi nilikuwa nimewaambia wanne. Wamenionyesha maneno yako, nimekubali."

Hakulirudia tena jambo hilo maisha yake yote. Na Reginaldi alipokuja kuambiwa kwamba mama yake mzazi amemkana kwenye mahojiano, Margareta hakusema ni mdomo wa nani ulioanza. Alinyamaza miaka kumi na sita, kambini, kwenye ndege, katika baridi yetu hii, akaenda nalo kaburini.

Reginaldi alimzika mjomba, akarudishwa Burundi kambi ilipofungwa, akaondoka tena, akavuka jangwa, akavuka bahari. Sasa anafanya kazi kwenye mgahawa wa ufukweni, na karatasi zake za kukaa ziko njiani; akitoka Hispania, harudi. Anicet alipompigia simu kuhusu matanga, alijibu kwa upole, "Kunyweni tu, kaka. Mimi si mtoto wa pale. Mwenyewe alisema."

"Mrija ukikosa mdomo, chungu hakiguswi," Anicet akawaambia dada zake. Angelika akaomba likizo ya wiki moja. Wote walidhani anakwenda kubembeleza.

Reginaldi alimpokea kituo cha basi, mikono mifukoni. Hawakuwa wameonana tangu Reginaldi ana miaka kumi na tisa. Alimtazama dada yake toka viatu mpaka kofia.

"Hukurefuka," alisema.

"Na wewe umeota kipara, kaka."

"Ni chumvi ya bahari." Akalichukua sanduku, akaguna. "Umebeba nini? Mawe ya Amerika?"

"Kimea."

Akalibeba mpaka mlangoni kwake. Hapo akasema, "Pika ukitaka. Kunywa sitakunywa."

Kwa hiyo Angelika akapika. Kaka yake hakuwa na chungu. Alimpa ndoo ya mgahawa iliyowahi kutunza zeituni, naye akaiosha mara tatu na bado ikanukia zeituni. Alikoroga uji, akaupoza, akatia kimea, akaifunika ndoo kwa taulo na kuiweka kwenye roshani ndogo iliyotazama maji. Ilikuwa Jumatatu. Jumamosi, saa nne asubuhi ya Louisville, ambayo kwa Hispania ni saa kumi jioni, Anicet angeuliza swali lake.

Siku zile alizisimulia kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kuziamsha. Asubuhi alitembea mchangani na viatu mkononi. Wazee wawili walikuwa wakioga kila siku katika maji yale ya baridi, wakizungumza kama wamekaa sebuleni. Ikifika saa nane mchana, madirisha ya mbao yaliteremshwa, mbwa wakajilaza katikati ya njia, na mji wote ukaingia usingizini hadi saa kumi na moja. Angelika hakuwahi kuona watu wazima wakilala mchana bila kuugua. Alitembea peke yake katika vichochoro vyeupe, machungwa yameiva juu ya kichwa chake na hakuna anayeyachuma, na wakati mwingine alisikia mama yake akikohoa nyuma ya dirisha la mtu. Hakuogopa. Alisimama kidogo, akaendelea. Kwenye roshani, pombe ilianza kuongea kwa mapovu madogo madogo.

Delfina alipiga simu kila jioni. "Dada, usije ukaolewa na Mhispania kabla hatujaanua! Amekubali?"

"Bado."

"Mlilie. Wewe kulia hujui, jifunze hata kwenye simu."

Mgahawa ulikuwa umefungwa kwa baridi, na kazi ya Reginaldi ilikuwa kupaka viti rangi ya bluu, viti arobaini, kwenye baraza ya mchangani. Siku ya Alhamisi, saa ya usingizi, Angelika alichukua brashi akaketi karibu naye. Walipaka viti vitatu.

"Hao Wamarekani wamekufundisha vibaya," Reginaldi akasema. "Rangi unaipaka kama siagi."

"Kaka, kuna jambo."

"Kama ni la Jumamosi, nimeshajibu."

"Ni la Mtabila." Aliendelea kupaka ili mikono yake iwe na kazi. "Mama hakukukana. Aliingia kwanza, akasema watoto wanne. Mimi nikaingia nyuma yake, nikasema watatu. Nikasema wewe ni binamu yangu. Ndipo wakamwita tena, wakamwekea maneno yangu mbele yake. Angebaki na yake, tungekosa wote. Akakubali. Ni mimi, kaka. Yeye alininyamazia."

Brashi ya Reginaldi ilimaliza mguu wa kiti, ikahamia mguu wa pili.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Anicet?"

"Hakuna mtu."

"Miaka kumi na saba," alisema. Alimaliza kile kiti, miguu yote minne, akakiweka juani, akaifunika rangi ili isikauke. Kisha akaondoka kwa kufuata ukingo wa maji, na Angelika akamtazama akipungua hadi akawa alama moja nyeusi mwisho wa ufukwe.

Hakurudi kulala. Ijumaa alituma ujumbe mmoja: *Niko kwa rafiki. Ufunguo unao.* Angelika aliketi kwenye roshani siku nzima na ndoo yake. Aliniambia kwamba hakuomba lolote. Alifikiri jinsi mama yao alivyobeba lile jambo miaka yote, akipika, akisuka, akisali, na yeye ameshindwa kulibeba hata mwaka mmoja baada yake. Halafu akafikiri kwamba huenda mama alilibeba ili siku moja litolewe na mwenyewe aliyelianzisha.

Jumamosi saa kumi jioni aliegemeza simu kwenye sufuria, juu ya kiti kimoja cha bluu alichokiazima. Katika kioo kidogo ilionekana sebule ya Anicet, imejaa watu, chungu katikati. Angelika alikuwa ametumbukiza mirija miwili ndooni, mmoja upande wake, mwingine upande wa pili.

"Yuko wapi?" Anicet akauliza.

"Hayupo."

Mtu mmoja kule Louisville akasema wasubiri kidogo; Delfina akasema, kwa sauti aliyodhani haisikiki, kwamba amesafiri muda wa saa tatu na viatu vinambana. Wengine wakacheka kidogo, wakajizuia. Walisubiri. Nje, mji ulikuwa bado umelala.

Mlango ulifunguliwa bila kubishwa. Reginaldi aliingia suruali imelowa mpaka magotini, mchanga ukidondoka sakafuni. Hakuitazama simu. Alisimama mbele ya dada yake.

"Kabla hujaulizwa wewe," alisema. "Mara ya kwanza. Mama alisema wangapi?"

"Wanne."

"Alikuambia mwenyewe?"

"Kwenye benchi, alipotoka. Alisema, 'Mimi nilikuwa nimewaambia wanne.'"

Reginaldi akaitikia kwa kichwa, mara kadhaa, kama mtu anayepokea maelekezo ya njia. Kisha akavuta kigoda na kuketi upande wa mrija wa pili.

"Wewe nitakukasirikia baadaye," alimwambia, "na si kidogo. Leo ni siku yake." Akaigeukia simu. "Kaka Anicet. Uliza."

Anicet, ambaye hakuelewa nusu ya aliyoyasikia, alisimama katikati ya sebule yake na kukohoa.

"Margareta ameacha watoto wangapi?"

Reginaldi ndiye aliyejibu, kwa sauti iliyomfanya mbwa wa chini abweke:

"Wanne!"

Delfina akapiga vigelegele hadi simu ikakwaruza. Reginaldi akainama, akavuta, akakunja uso.

"Hii ni pombe au mafuta ya zeituni?"

"Meza," Angelika akasema, na hapo ndipo alipojifunza kulia.

Alirudi na doa la bluu kwenye mkono wa sweta, na hakuna picha hata moja ya ufukwe. Wiki tatu baadaye, Jumapili mchana, nilimwona kutoka dirishani kwangu amesimama kwenye ngazi za nyumba yake, theluji ikimwangukia, simu sikioni. Alisimama pale zaidi ya saa nzima. Mara kwa mara alisema "Ndiyo, kaka," na "Najua," na mara moja alitoa simu sikioni kwa jinsi sauti ya upande wa pili ilivyopanda. Nilimtolea shali. Akaniashiria niende, niende tu; na uso wake, katika baridi ile, ulikuwa wa mtu anayeota jua.