Mgeni Niliyempeleka kwa Wasomi

Nikikumbuka hotuba yangu ya kwanza mbele ya wasomi, naona aibu. Sitii chumvi. Aibu hiyo haijapungua, na ni miaka mingi sasa.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa mwalimu Bwera, mji mdogo wa mpakani, na kwa muda mrefu nilikuwa nimefuatilia jinsi watu wazima wanavyojifunza Kiswahili sokoni, bila darasa wala kitabu. Niliyemfuatilia zaidi alikuwa mama mmoja muuza maharage, mkimbizi kutoka upande wa Beni, ng'ambo ya mpaka. Alivuka akiwa na lugha yake ya Kinande tu. Wakonzo, wenyeji wa Bwera, walimwelewa, maana lugha zao ni ndugu, lakini wanunuzi wa magunia walikuwa madereva na wapishi wa kambi ya mgodi, na hao walitaka Kiswahili. Akajifunza kwa kuita wateja, akikosea na kurudia, hadi akapata wateja wake. Kiswahili hicho ndicho kilichomlisha yeye na mtoto wake.

Nilipoalikwa kusoma utafiti wangu kwenye mkutano wa wasomi mjini Kasese, sikuwa na kinasa sauti. Nikamwomba twende pamoja, watu wamsikie mwenyewe. Aliona haya.

"Mwalimu, Kiswahili yangu iko ya soko. Bakubwa batanicheka."

"Mama, watafurahi," nikamwambia. "Wewe ni mgeni wao."

Hapo ndipo nilipoharibu. Kwao, kama kwetu, mgeni haendi mikono mitupu. Asubuhi ya safari alikuja na kikapu cha maharage mapya, yamechambuliwa hata jiwe moja halimo, na kitenge chake kizuri amekifunga kwenye furushi kisipate vumbi la lori. Alikivaa lori liliposimama Muhokya, karibu na Kasese, nyuma ya jiko la muuza chai. Nilipomwona nikaona fahari, na fahari yenyewe ilikuwa ya kujisifu mimi.

Ukumbini aliweka kikapu mezani mbele ya mwenyekiti, akapiga goti, akangoja kipokelewe. Mwenyekiti, bwana mmoja wa tai na kitambi, alidhani ni vifaa vya utafiti. Akachota maharage, akayainua juu.

"Hii nini? Sema!" Kiswahili chake alikiokota kwa askari.

"Ni maharagi, Baba. Nilibaletea."

"Ngapi? Hesabu!"

Mama akahesabu. Ukumbi mzima ukacheka, vinywa wazi, mandazi yakionekana ndani. Mwenyekiti akamwamuru aeleze alivyovuka mpaka.

"Nilikimbia vita na mutoto ku mugongo," akasema.

Wakacheka tena. Mtu anasimulia alivyoponea chupuchupu, nao wanachekelea matamshi! Watu wenye shahada, wanaopangusa midomo kwa leso! Mama akanigeukia.

"Mwalimu, beko nacheka nini?"

Ningeweza kuchukua kikapu, nikamwambia twende nyumbani. Nilitabasamu. Ndiyo, mimi. Nilitabasamu pamoja na wale mabwana, nikafungua ukurasa wa pili na kueleza makosa ya mjifunzaji, mjifunzaji mwenyewe akiwa amesimama kando yangu, hana hata kiti. Nilipomaliza walinipigia makofi. Wakati wa chai yeye alipewa kikombe chake barazani, na kikapu kilibaki pale mezani hadi mfagiaji alipouliza ni cha nani.

Wiki iliyofuata nilikwenda sokoni. Dereva mmoja alisimama mbele ya meza ya mama, akauliza bei kwa Kiswahili. Mama akamjibu kwa Kinande. Dereva akauliza tena, akajibiwa vilevile, akasonya na kuhamia kwa jirani, akanunua magunia mawili.

"Mama, si unakijua?" nikamwambia. "Mjibu tu."

Hakuniangalia. Alikuwa akipanga vibaba vyake.

Nilirudi siku nyingine, na nyingine. Madereva aliwajibu kwa Kinande tu, na mimi pia. Mwezi haukuisha, nikakuta meza yake ina vitunguu vya mtu mwingine. Wenzake wakaniambia amepanda milimani, Maliba, na mtoto wake, kulima kibarua kwenye mashamba ya watu, kazi isiyotaka maneno.

Mimi, kwa hotuba ile ile, nilipewa nafasi ya kwenda kusoma zaidi. Niliichukua.