Kimya Kilichofuata Somo la Asubuhi

Mtanisamehe wasomaji wangu, leo sina hamu ya kubishana na mtu. Tumemzika mama mmoja wa Lupepo, mkulima wa ndizi na chai, ambaye kila asubuhi, akishamaliza kukamua ng'ombe wake, alitufungulia sebule tukasoma Biblia pamoja. Sisi ni Marafiki, wale ambao wengine huwaita Wakweka, na huku Rungwe tu wachache kiasi kwamba watu hutuuliza kama kweli tuna kanisa. Hatuna kwaya ya kujivunia wala mahubiri marefu. Mmoja anasoma fungu, kisha wote tunafumba macho na kunyamaza, tukimngojea Mungu aseme na kila mtu moyoni. Mwenye neno analitoa, asiye nalo anatulia. Kimya kinaisha pale msomaji anapompa mkono aliye karibu naye, na mikono inazunguka sebule nzima. Mama huyu ndiye aliyekuwa msomaji wetu, na kifo chake kimeniuma kama cha ndugu wa damu.

Alisoma polepole, kwa Kiswahili chenye lafudhi nzito ya Kinyakyusa, na akifika mahali palipomgusa aliacha kusoma, akasema "Kyala", yaani Mungu, kwa sauti ya chini, kama anayemwita kutoka chumba cha pili. Kuna siku mimi, kwa mazoea haya ya kuandika magazetini, nilianza kulifafanua fungu nikasahau kunyamaza. Nilipomaliza alinitazama kwa upole. "Ndaga, asante mwanangu. Wewe tumekusikia. Sasa tumwachie nafasi na Mwenyewe." Watu walicheka mpaka kimya kikatushinda. Binti yake anayeishi Mbeya alimshauri ajirekodi kwenye simu, ili hata walio mbali wapate somo na yeye apumzike. Alikataa katakata. Alisema simu haiwezi kumwambia nani ameamka na homa. Na kweli, wakati wa kupeana mikono alikuwa akiushika mkono wako kidogo zaidi, halafu anakuuliza mbona una baridi, umekunywa chai? Mjane mmoja hapo jirani aligunduliwa kuwa ana homa kwa mkono ule, akapelekwa hospitali.

Asubuhi ya siku ile ya mwisho mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu, mvua yetu ya Tukuyu isiyojua kuchoka. Mama alisoma, akafika katikati ya mstari akanyamaza. Tukajua fungu limemgusa. Tukafumba macho. Kimya kilikuwa kirefu, nami nakumbuka nilifurahi, nikajisemea leo Mungu ana mengi ya kutuambia. Fundi cherehani mmoja wa Bulyaga, Mwislamu, alikuwa amemletea gauni lake, na kama kawaida yake alisubiri barazani mpaka tumalize. Safari hii alichungulia mlangoni. "Jamani, samahanini," alisema. "Mama yenu mdomo umekwenda upande." Tulipofumbua macho mkono wake ulikuwa unaning'inia pembeni ya kiti. Tulimbeba, tukaomba gari la jirani, tukafika hospitali tumelowa chapachapa. Jua halijazama akawa ameshatutoka.

Binti alisubiri tumalize mazishi, wageni wapungue, ndipo akanifuata nyuma ya nyumba kwenye migomba.

"Kaka, mlikaa kimya muda gani?"

"Mdogo wangu, sisi huwa hatutazami saa."

"Mama naye hamkumtazama."

Hakupaza sauti, na afadhali angenipigia kelele. Daktari alikuwa ametuambia ni kiharusi, kwamba mgonjwa akiwahishwa husaidika, ila kwa mama huyu yeye hawezi kusema kama angepona. Binti alitaka jibu moja tu, kama mama yake alikufa kwa sababu yetu. Mpaka naandika haya sinalo, na sitamdanganya ili nilale usingizi.

Nimewaza sana tangu siku hiyo, na naona ugonjwa huu wa kutotazamana si wetu Marafiki peke yetu. Mtu akinyamaza kwenye kundi la simu tunasema yuko bize. Jirani asipoonekana shambani tunasema amesafiri. Mzee akipunguza maneno tunamsifu kwa busara, kumbe ana njaa au maumivu. Zamani hapa mtu alikuwa anabisha hodi bila sababu yoyote, anakaa, anakutazama, anaondoka. Siku hizi tunaogopa kusumbuana na tunaiita hofu hiyo heshima. Sisi tuliokuwa sebuleni tulikuwa na heshima nyingi mno.

Baada ya msiba tulikutana kuzungumzia kama somo liendelee. Sisi hatupigi kura. Tunangoja mpaka mioyo ikubaliane, hata ikichukua muda mrefu. Mmoja alipendekeza kwamba wakati wa kimya mtu mmoja abaki macho. Mwingine akakataa, akasema sala ikiwekewa mlinzi haitakuwa sala tena. Tulikwama hapo. Binti, ambaye hata si mwumini wetu, alikuwa anakusanya vikombe. Aliviweka chini.

"Basi nitabaki macho mimi," alisema. "Nyie ombeni."

Aliahirisha kurudi Mbeya, na asubuhi iliyofuata alikaa karibu na mlango akitupitia kwa macho mmoja baada ya mwingine. Najua, kwa sababu na mimi nilishindwa kufumba ya kwangu. Niliziona nyuso ambazo nimesali nazo miaka yote bila kuziangalia: aliyekonda, aliyelia usiku, anayetetemeka midomo. Kumngojea Mungu na kumtazama jirani ilikuwa kazi moja tangu mwanzo. Sisi tuliigawa mara mbili, tukachagua nusu iliyo rahisi, na mama wa watu akaanza kufa katikati yetu.