Mtu wa Kamba

Ezechiel alishuka kutoka milima ya Mulenge akiwa kijana, akaacha ng'ombe wa baba yake, akaajiriwa katika depo ya pamba pale Kalundu, bandarini Uvira. Kazi yake ilikuwa kuteremsha mkokoteni wa marobota hadi ziwani. Yeye alishika mbele. Nyuma, Léopold, mwenyeji wa Uvira, alivuta kamba ili mzigo usimponde mwenzake. Marobota yaliwazuia kuonana, kwa hiyo kabla ya mteremko Ezechiel aliita, "Uko?" Asiposikia "Niko!" hakusogea hata hatua.

Mwaka 1964 waasi waliingia mjini. Léopold alikimbilia Burundi na watoto wake, hakurudi. Depo ilipofunguliwa tena, pamba ilikuwa haba, na meneja akasema mtu mmoja anatosha. Ezechiel alimtukana, kisha akainamia kazi.

Sasa anapakia marobota machache tu, kiasi kwamba akigeuka anaona wazi kwamba nyuma hakuna mtu. Lakini juu ya mteremko bado husimama.

"Uko?"

Halafu hungoja.

"Muzee, unaita nani?" wapagazi humcheka.

"Munyamaze kwanza!" hufoka. "Na makelele yenu, nitamusikia namna gani?"