Bajaji Isiyojua Pancha

Dereva wa bajaji wa mtaa wetu hapa Tamale hasalimu mtu kabla hajayapigapiga kwa kiganja matairi yake mapya, yale yasiyojazwa upepo. "Misumari ije, miiba ije," husema kwa sauti ya mnadani, "pancha nimeshaipa talaka tatu." Na kweli, wenzake wakichuchumaa kando ya njia kuziba matundu, yeye huwapita akiwapungia mkono kwa huruma kubwa. Raha hiyo abiria ndio huilipia kwa viuno vyao. Wauza mayai ya kanga walishamkimbia, na bibi mmoja aliwahi kuteremka akitafuta meno yake ya bandia. "Hiyo ni barabara, bibi," alimjibu akijikung'uta vumbi. "Mlaumu mkandarasi."

Siku Azara, binti wa jirani, aliposhikwa na uchungu, tufani ilikuwa imeezua mapaa na kumwaga misumari njia nzima ya hospitali. Hakuna dereva aliyethubutu isipokuwa yeye, naye aliikanyaga yote kama mfalme. "Polepole, kaka!" Azara alilia, akimng'ang'ania mama yake aliyeketi kando yake. "Unanitoa mtoto!" Walipofika getini, mtoto alikuwa tayari mikononi mwa bibi yake, mzima, akipiga kelele. Dereva hakumtazama. Alishuka, akainama kukagua gurudumu moja baada ya jingine, kisha akainuka machozi yakimlengalenga. "Mmeona? Hakuna hata tundu!"

Mama yake Azara alimtazama kwa upole. "Hongera, mwanangu," akamwambia. "Nawe umejifungua salama."